Niliomba Viti Vipana

Mke wangu amenaswa katika kiti cha gari, nami sina la kufanya.

Gari hili la mbio tuliachiwa na mwanetu. Ugumu wake humuumiza mama huyu mgongo, na kesho tunakwenda Modogashe, arusi ya dada yake.

Asubuhi nilimpigia simu fundi Abdi: "Weka springi laini na viti vipana."

"Fiti fibana?"

Matamshi yake nayajua, nilimfundisha darasani: V kwake ni F, na P ni B. Nikajibu, "Sahihi."

Sasa hivi amelirudisha. Springi ni laini ajabu. Viti ni vya mashindano, vinabana mbavu!

"Abdi, nilisema vipana!"

"Ndiyo, mwalimu. Kwani hafibani?"

Viti vya zamani ameshavipeleka Dadaab. Nishaurini.

Mke wangu anaita kutoka ndani: "Mwalimu! Njoo usahihishe na hili."