Mafuta ya Missouri

Ardis Kvamme alikuwa na shingo ngumu tangu utotoni. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana bila shingo ile wazee tisa wa wilaya yetu wangeishia kwenye vitanda visivyo vyao. Alikuwa muuguzi wa wilaya ya Tamarack, kule juu kabisa Minnesota, kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wagonjwa majumbani kwao: kufunga vidonda, kupima presha, kupanga vidonge vya wiki, na kunywa kahawa ambayo hakuiomba na hakuweza kuikataa.

Mwaka ule wa 2008 petroli ilipanda mpaka watu wakawa wanaizungumzia kanisani baada ya ibada, wakati zamani walizungumzia samaki. Baraza la wilaya likatafuta mahali pa kubana, likaiona njia ya Ardis ya kaskazini. Mzunguko wa maili mia na arobaini, mara mbili kwa wiki, kwa ajili ya wazee tisa tu. Gari la wilaya lilikuwa dubwana la petroli lenye viti saba, na ndani yake alipanda mwanamke mmoja na mkoba wake. Lilikwenda maili kumi na tano kwa galoni, tena upepo ukiwa mgongoni. Njia ikifutwa, wale tisa wasingeweza kubaki makwao. Wangepelekwa nyumba ya wazee mjini, watu wawili chumba kimoja, pazia katikati.

Ardis alisimama mbele ya baraza akasema kuna magari madogo ya dizeli yanayokula robo ya mafuta hayo. Kaka yake aliyeko Missouri analo moja na macho yake yamekataa kuendesha, yuko tayari kulitoa.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Delmar Stroebel, mkulima wa viazi, mtu mkubwa mwenye pikapu kubwa kuliko yeye. Akacheka mpaka miwani ikateremka.

"Ardis, dada yangu, hilo si gari, hilo ni cherehani yenye magurudumu. Nayakumbuka hayo madude ya miaka ya themanini. Moshi kama mtu anachoma kuni mbichi, na asubuhi haliwaki mpaka ulibembeleze."

"Trekta lako linatumia nini, Delmar?"

"Dizeli. Lakini trekta ni trekta."

"Kumbe dizeli ikilima viazi ina akili, ikibeba muuguzi inakuwa na wazimu."

Watu walicheka, naye Delmar alicheka pia, hana kinyongo. Ila hakukubali. Ardis akamwambia gari la kaka yake linaweza kutoka Missouri mpaka Tamarack, karibu maili mia saba, kwa tangi moja. Delmar akatikisa kichwa, akasema karatasi hubeba chochote kinachoandikwa, hata risiti ya mafuta yeye anaweza kujiandikia jikoni kwake. Kura ya njia ile itapigwa Jumanne ya tatu ya mwezi Machi, saa nne asubuhi. Mwenye ushahidi aulete, na asipokuwepo wataendelea bila yeye.

Hapo ndipo Ardis aliponuia. Angelileta gari lile kwa tangi moja, bila kuongeza hata tone, na angewaambia hivyo huku akiwatazama machoni.

Alikwenda Missouri kwa basi. Kaka yake Lowell alimkabidhi funguo pamoja na maneno mengi, kwa sababu alilipenda gari lile kupita kiasi. Lilikuwa dogo, la kijivu, la Kijerumani, limetembea sana na halijachoka. Kule kusini Machi watu wameshavua makoti na jembe liko shambani. Ardis alisimama kwenye kituo cha mafuta nje kidogo ya mji, upande wa nyuma, kwenye pampu ya malori, maana ndiko dizeli iliko. Dereva mmoja wa lori alimtazama akifungua kifuniko kidogo.

"Mama umepotea. Hapa tunakunywa sisi wakubwa."

"Na huyu wangu ni mkubwa. Hajaota ndevu tu."

Akajaza mpaka mdomoni, akasubiri povu litulie, akajaza tena. Kisha akalizungusha gari kuelekea kaskazini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo Ardis mwenyewe, mtu asiyestaajabu ovyo, alipoanza kushikwa na mshangao. Alipita Kansas City, mshale wa mafuta hata haujajisogeza. Alidhani umekwama, akaugongagonga kwa kucha. Akaingia Iowa, mashamba meusi pande zote mpaka macho yakachoka, malori yakimpita kwa ngurumo, yeye akitembea taratibu, maili hamsini na tano kwa saa. Pale Des Moines mshale ulikuwa umeshuka kidogo tu, kama mtu aliyeonja uji kwa ncha ya kijiko. Alizima redio. Alitaka kuisikia ile injini, ile sauti yake ya kugonga chini kwa chini, isiyo na haraka. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akisimama kujaza matangi ya madubwana ya wilaya kila alipogeuka, na hakuwahi kujiuliza kama kuna njia nyingine ya kuishi. Alipovuka mpaka wa Minnesota jua likiwa bado juu, mshale ulikuwa haujapita nusu kwa sana. Ardis akajikuta anasema peke yake, kwa sauti ndogo, "Mungu wangu, na nchi nzima hii hatujui." Machozi yalikuwa yamemlenga, na hakuona haya, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Jioni alifika Brainerd kwa binamu yake Joyce. Baridi ilikuwa imegeuka. Machi kwetu ni mwezi wa kigeugeu, leo theluji inayeyuka, kesho pua inakatika. Mume wa Joyce, fundi mstaafu aitwaye Merle, alimsaidia kuliingiza gari kwenye banda lao lenye joto, kisha akasimama akikuna kidevu.

"Umejaza wapi, shemeji?"

"Missouri."

"Na hujaongeza?"

"Tone sijaongeza."

"Basi una mafuta ya kiangazi humo. Hapa kwetu wanachanganya na mafuta ya taa msimu wote wa baridi, unajua wewe, baba yako alikuwa mkulima. Kesho ni nyuzi ishirini chini ya sifuri. Yataganda. Ninalo debe pale, nikumiminie kidogo."

Ardis alijua. Nani kwetu hajui? Watoto wetu wanajua kabla hawajajua kusoma. Lakini kwa maisha yake yote alikuwa hajaona gari linalobeba mafuta ya jimbo moja mpaka kwenye baridi ya jimbo lingine. Gari la kawaida lingekuwa limekunywa Iowa, likanywa tena Minneapolis, na mafuta ya kusini yangekuwa yameisha kitambo.

"Nikiongeza hata kijiko, Merle, sitaweza kumtazama Delmar usoni."

"Utamtazama vizuri zaidi ukiwa umeganda?"

"Ni maili themanini tu. Litafika."

Shingo ngumu, nimekwisha kusema.

Asubuhi, Jumanne yenyewe ya kura, gari liliwaka mara moja, maana lilikuwa limelala kwenye joto. Ndiyo balaa yenyewe. Lingegoma kuwaka, Ardis angemsikiliza Merle. Likatoka likiimba, na kwa maili sitini halikuwa na neno, huku upepo ukipuliza tangi kwa chini. Halafu nguvu zikaanza kupungua. Akakanyaga, gari likasitasita, likajivuta, likakohoa mara mbili, likanyamaza pembeni mwa barabara, nyeupe kulia, nyeupe kushoto. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Simu haikushika mtandao. Ardis alikaa ameshika usukani na safari hii alilia kweli, kwa sauti, kwa hasira, maana aliwaona wale tisa mmoja mmoja na mapazia yao, na aliyewaponza hakuwa Delmar wala bei ya mafuta, alikuwa yeye mwenyewe.

Kwetu, baridi ikifika kiwango kile, mtu hapiti gari lililosimama. Uwe unakwenda kuoa, uwe unakwenda kuzika, unasimama. Pikapu la kwanza kutokea lilisimama. Alishuka Delmar Stroebel, akiwa na suti yake ya baraza chini ya koti la shambani, akitoka kulala kwa binti yake.

Alichungulia dirishani. Alipouona uso wa Ardis, utani ukamfia mdomoni.

"Ingia kwangu upate joto. Nina mafuta ya taa nyuma, nitalimiminia."

"Usimimine kitu."

"Ardis, acha utoto."

"Nimesema usimimine, Delmar. Nimeshashindwa, sawa, lakini sitadanganya."

Delmar akapumua moshi wa baridi, akachukua spana, akafungua boneti, akaichomoa filta. Aliiinamisha juu ya kikombe cha chupa yake ya chai. Hakikutoka kimiminika. Kilitoka kitu kizito, cheupe, kimekatika vipande kama samli ya asubuhi. Alikitazama muda mrefu. Akakisukuma kwa ncha ya spana. Kisha akaingiza kichwa ndani ya gari na kutazama namba za maili, na mshale wa mafuta, ambao ulikuwa bado haujagusa chini.

"Ulianza na maili ngapi?"

Alimtajia. Delmar akapiga hesabu kichwani, midomo ikicheza.

"Mia sita na tisini," alisema polepole. "Na hujaongeza Iowa."

"Sijaongeza."

"Najua hujaongeza." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hakuna kituo kaskazini ya Des Moines kinachouza uji huu mwezi wa Machi. Hii ni nta ya dizeli ya kusini, isiyochanganywa na kitu. Nimeshika dizeli miaka arobaini, dada yangu, na sijaona mafuta yaliyotembea mbali namna hii ndani ya kitu kidogo namna hii."

Alisimama pale kwenye upepo, mtu mzima yule, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Ardis akashuka akasimama naye. Ule mshangao aliokuwa nao Iowa, akauona sasa kwenye uso wa mwenzake, na hasira yote ikamwishia.

Delmar akafunga mnyororo, akalivuta gari mpaka makao ya wilaya, kikombe kikiwa kimewekwa kwenye theluji ndani ya bodi ya pikapu yale mafuta yasije yakayeyuka. Watu walijitokeza madirishani kucheka. Mwenyekiti aliyewapinga wenye dizeli anaburuza dizeli. Yeye hakujali. Aliingia ndani, akakiweka kikombe mezani mbele ya wajumbe wanne, wote watu wa mashamba.

"Kabla hakijayeyuka, kila mtu aangalie," alisema. "Haya yamejazwa Missouri. Kwa tangi moja. Risiti sikuihitaji."

Wakainuka, wakainama, wakanusa. Hakuna aliyecheka tena. Joto la chumba likaanza kukila kile cheupe, kikalainika kingoni, kikawa mafuta ya rangi ya asali mbele ya macho yao.

Phyllis Oberg, mjumbe pekee mwanamke, ndiye aliyeuliza lililokuwa na maana.

"Na siku ukikwama hivi, Ardis, na mgonjwa anakungoja?"

Ardis angeweza kujitetea. Hakujitetea.

"Atakuwa amekosa huduma kwa ubishi wangu. Niliambiwa jana usiku niongeze mafuta ya taa, nikakataa kwa sababu nilitaka kushinda. Gari halina kosa, limefanya kazi yake kupita nilivyoliomba. Nikijaza hapa kwetu, mafuta ya kwetu, halitaganda. Mkinipa njia yangu, sitawabishia tena watu wanaojua."

"Hilo la mwisho usiliandike kwenye kumbukumbu," Delmar alimwambia katibu. "Tusije tukamfunga kwa ahadi asiyoiweza."

Wakapiga kura. Mikono mitatu ikanyanyuka, halafu wa nne. Delmar alinyanyua wa kwake mwishoni, juu, kama mtoto aliyejua jibu.

Ardis alitoka mpaka kwenye simu ya ukutani pale ukumbini, akaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wengine walimwombea dua, mmoja alimkemea kwa kuchelewa kuwaambia. Wa tisa alikuwa Toivo Rautio, mwenye miaka themanini na minane, mwenye kidonda cha mguu, anayekaa mwisho wa njia, mahali ambapo barabara inaishia kwenye miti.

"Toivo, ni mimi. Alhamisi nakuja."

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Njia wameshaikata," alisema mzee. "Nilisikia wamekata."

"Hawakukata. Nitakuja na gari lingine, dogo, la kijivu. Usije ukalifungulia mbwa."

Ardis alisikia kiti kikivutwa, na pumzi ya mtu anayeinama kwa shida.

"Ngoja kidogo, binti yangu," Toivo alisema. "Nilikuwa nimeshafungasha. Ngoja niitoe picha ya mke wangu sandukuni niirudishe ukutani, halafu tuongee."

Akaiweka simu mezani bila kuikata. Ardis akangoja, sikio kwenye simu, akimsikiliza akitembea polepole ndani ya nyumba yake.