Mnara wa Pisa Ukutani kwa Kukhu

Wiki jana binamu yangu alinitumia picha akiwa Pisa, Italia, amenyoosha mikono kana kwamba anauzuia ule mnara ulioinama usianguke.

Nilipokuwa mtoto, picha ya mnara huo ilikuwa kwenye kalenda ya kanisa, ukutani kwa nyanya yangu, Kukhu, kule Kabuchai. Alasiri moja ghala letu la mahindi lilianza kulalia upande, mbao zikilia. Kukhu akapiga kelele, na majirani wakaja mbio na miti ya mkaratusi yenye harufu kali, wakalitegemeza.

"Kukhu, na hii nyumba ya kalenda mbona hawaitegemezi?" nikauliza.

Akaitazama sana. "Pengine majirani wao wako kwa shamba. Si watakuja?"

Kila asubuhi nilichungulia kama imeanguka. Sasa najua mnara umeinama hivyo kwa karne nyingi. Lakini kwenye ile picha, nyuma ya binamu yangu, niliona umati wa watu, wote wamenyoosha mikono. Majirani walikuwa wamefika.