Mluzi wa Ng'ambo

Shangazi yangu husuka migono, vile vikapu virefu vya matete vya kunasia samaki. Kila msukaji hupima mdomo wa mgono kwa ngumi zake mwenyewe, lakini shangazi hupima kwa ngumi za mumewe. Mume alizama mtoni na maiti haikuonekana. Ulibaki mgono wake mmoja, ambao shangazi bado huutega, na kila mpya huchukuliwa kipimo hapo.

Fisi maji, wale wanyama wala samaki, walikwisha mtoni zamani, wakiwindwa kwa ajili ya ngozi. Bwana nyama, afisa wa wanyamapori, alipowarudisha wawili, dume na jike, alipita nyumba kwa nyumba akiomba kila mgono ufungwe kijiti katikati ya mdomo, wasije wakaingia kufuata samaki, wakakwama na kufa maji.

"Mdomo alioupima mume wangu mwenyewe siuzibi," shangazi alimjibu.

"Mama, wanyama wenyewe ni wawili tu."

"Na mimi mume nilikuwa na wangapi?"

Bwana nyama akaenda nyumba ya pili.

Wiki hiyo hiyo mluzi ukaanza alfajiri, kutoka ng'ambo. Mume wa shangazi alikuwa akipiga hivyo hivyo, mfupi mfupi, ili afuatwe na mtumbwi. Shangazi akachukua kafi. Nikamkimbilia hadi ukingoni.

"Shangazi, yule ni fisi maji. Ndivyo wanavyoitana."

"Nimekuuliza?"

Akavuka, akakuta nyayo za mnyama kwenye matope, akarudi. Kesho yake akavuka tena. Jirani yetu fundi baiskeli akamtania kwamba amepata mchumba mwenye mkia. Alicheka peke yake.

Kisha asubuhi moja ule mgono wa marehemu ukawa mzito. Tuliuvuta pamoja, nikidhani ni kambare. Alikuwa yule jike, macho wazi, vidole vimeng'ang'ania matete kama vya mtu anayetafuta komeo la mlango gizani. Shangazi akavibandua kimoja kimoja. Hakulia.

Mchana huo alifunga vijiti migono yote, akianza na wa mumewe. Nikadhani safari za ng'ambo zimekwisha.

Alfajiri mluzi ukaja, wa mmoja tu, mrefu kuliko zamani. Nikamkuta shangazi ameshaingia mtumbwini.

"Sasa unamfuata nani? Si unajua ni mnyama?"

"Najua." Akasukuma ukingo kwa kafi. "Anamwita mkewe. Na wa kwenda kumwambia, sina wa kumtuma."