Mama Hodi na mlango usio na nyumba

“Hodi! Hodi wenyewe! Gesi imefika!”

Sauti inapanda ngazi kabla ya mwenye sauti. Ghorofa ya tatu mtu anafungua komeo. Ghorofa ya nne mtoto anapiga kelele, “Mama Hodi huyo!” Jua halijachomoza vizuri, taa ya ukumbini bado inawaka, na mwanamke wa makamo anajitokeza kwenye kona, mtungi wa gesi begani. Chini ya mtungi ameweka kitambaa kilichokunjwa mara nne ili chuma kisimchune mfupa wa bega.

“Karibu, karibu, pita tu na viatu vyako,” anasema mwenye nyumba, mtoto mgongoni.

Anapita. Anautua mtungi taratibu, kama mtu anayelaza kitoto kichanga. Anafunga mpira, anapaka povu la sabuni kwenye kiungo, anainama kuangalia kama kuna kiputo. Hakuna. Anawasha jiko, moto wa buluu unaruka, anauzima na kujifuta mikono kwenye sketi.

“Saa tisa nikuone uwanjani, umekaa mbele,” anamwambia mteja wake. “Ukikosa, mtungi ujao utaufuata mwenyewe dukani!”

Leo ndiyo siku ya Tamasha la Kwetu, ambalo wakazi wa mtaa huu wamelingojea tangu mvua zilipokatika. Na atakayelifungua si kiongozi wala tajiri. Ni huyu mbeba gesi.

Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na zaidi. Mtungi mkubwa uliojaa unakaribia kilo thelathini, na ujira wa kuupandisha haufiki bei ya mikate miwili. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. “Hili ndilo limeajiriwa,” anasema akilipigapiga. “Lile jingine linasindikiza tu.”

Hajajaliwa mtoto, ila mtaa mzima unamwita mama. Hilo la Hodi nalo walilibandika wateja, maana sauti yake haihitaji kengele.

Mratibu wa tamasha ni mwalimu mstaafu wa uchoraji anayekaa ghorofa ya pili. Aliwaomba majirani walete kitu kinachowafanya waseme “hapa ni kwetu”. Wakaleta mapazia, picha za harusi, sufuria iliyotoboka ambayo mwenyewe kaapa haitupi ng’o. Seremala wa mtaani hakutaka mchezo. Alileta mlango mzima na fremu yake, akausimamisha katikati ya uwanja. Nyuma yake hakuna ukuta, hakuna paa, hakuna chochote.

“Tuliuzunguka mlango ule kama kuku aliyeona kioo,” anasimulia mwalimu, akicheka. “Tuufanyeje? Asubuhi moja nikasikia ile hodi kwenye ngazi. Niliruka kitandani, nikatoka mbio na kilemba cha kulalia!”

Mpango ukawa huu: Mama Hodi apige hodi, watu wajibu karibu, afungue mlango, ngoma zianze.

Rahisi. Lakini neno lenyewe kwake si rahisi hata kidogo.

Ndoa yake ilipovunjika, alipokewa na kaka yake. Haikupita miaka miwili, kaka akafariki. Yeye akabaki kwenye chumba cha nyuma, pamoja na wifi yake na watoto watatu wa marehemu wanaomwita shangazi.

“Kaka alipokuwepo, nilikuwa kwa kaka,” anasema, ameketi kwenye mtungi mtupu. “Alipoondoka sikujua tena niko kwa nani. Wifi hakuniambia toka, hakuniambia kaa. Basi nikaanza kupiga hodi.”

Hupiga kila jioni. Na kila jioni wifi hujibu, “Karibu, wifi. Pita tu na viatu.”

Jumamosi hii familia inahamia nyumba aliyoijenga kijana mkubwa wa marehemu. Maboksi yamepangwa ukutani, kila mtoto na boksi lake, jina limeandikwa kwa wino mnene. La shangazi halipo. Tena tangu Jumatatu birika lake la buluu, alilorithi kwa mama yake, limetoweka kwenye rafu.

“Sikuliulizia,” anasema polepole. “Ukiulizia birika, umeulizia na mengine.”

Saa tisa uwanja umefurika. Watoto wamekalia mabega ya baba zao, mapazia yanapepea kwenye kamba, wapiga ngoma wanashindwa kutulia. Mama Hodi anasimama mbele ya mlango, gauni limepigwa pasi likanyooka, kitambaa kipo begani ingawa hakuna mtungi. “Bila hiki najiona kama niko uchi,” amemnong’oneza mwalimu.

“Hodi! Hodi wenyewe!”

“Karibuuu!” Uwanja mzima unaitikia hadi mabati ya maduka yanatetemeka.

Kasoro mmoja. Safu ya mbele, wifi yake amekunja mikono.

“Wifi, mbona hujibu?” mtu anamtania kutoka nyuma. “Koo limekauka?”

Wifi anasimama. “Sijibu! Nimejibu miaka yote, leo nimechoka! Mtu anaoga bafuni kwangu, anawagombeza wanangu, anajua mpaka ninapoficha sukari, halafu kila jioni ananipigia hodi kama karani wa sensa!”

Kicheko kinalipuka. Mama Hodi anageuka, mkono kwenye kitasa.

“Nilikuwa nakuheshimu, wifi!”

“Heshima gani hiyo ya kujifanya mgeni? Nilidhani mguu wako mmoja uko nje. Nikawa nakukaribisha kwa adabu zote, nisije nikakukera ukaondoka kweli!”

“Na boksi langu? Mbona sijaliona?”

“La nini? Vyako nimevifunga na vyangu! Birika lako nimelizungushia blanketi langu lisibonyee!”

“Si ungeniambia!”

“Si ungeuliza!”

Wanatazamana. Mama Hodi anafuta macho kwa kile kitambaa cha begani.

“Jamani, fungueni,” analalamika seremala, “bawaba zangu zitaota kutu!”

Mama Hodi anausukuma mlango. Ngoma zinapasuka. Watoto wanamiminika kupitia pale, kisha mama zao, kisha wazee na mikongojo yao. Uwanja wote uko wazi kushoto na kulia, lakini hakuna anayekubali kuzunguka. Kila mtu anataka kupita mlangoni.

“Jumamosi mtungi wa kwanza kuingia nyumba mpya naubeba mimi,” Mama Hodi anasema jua likielekea kuzama, akitembea kurudi nyumbani. “Moja kwa moja hadi jikoni, kimya. Shida ni ulimi huu, umezoea.”

Amefika. Wifi ametangulia, taa inawaka ndani. Mama Hodi anasimama, anavuta pumzi.

“Ho—”

“Wee!” inadakia sauti ya ndani.

Anaufumba mdomo, anausukuma mlango kwa bega lile lililoajiriwa, na kuweka mguu ndani.

“Viatu, wifi!” wifi anafoka. “Huoni nimetoka kudeki?”

Mama Hodi anainama kuvua, akicheka mpaka anashindwa kufungua kamba.