Sauti Aliyoijua Mama

Nakumbuka alasiri moja chuoni kwetu Shinyanga, mwanangu, tumetundika mablanketi ya bweni kwenye madirisha ya bwalo ili giza liingie, tuitazame sinema tuliyoicheza wenyewe. Sinema ya nyimbo na mapenzi ya wanachuo, miaka ile ya sabini! Kamera tuliazimwa na padri mmoja, mikanda ilikuwa michache, na viatu vya raizoni, vile vya soli nene, vilikuwa jozi moja tu. Wavulana walivivaa kwa zamu, ndiyo maana karibu wote mle ndani wanachechemea. Usicheke. Tulijiona tumefika.

Kamera ile ilinasa picha tu, haikunasa sauti. Nyimbo tulizirekodi kando, kwenye redio kaseti. Mwanzoni mwalimu aliyetuongoza alinichagua mimi niwe mchumba wa kwenye hadithi, nami nikampelekea Mama salamu kule Ushirombo: njoo unione kwenye sinema. Baadaye mwalimu akalitazama kovu langu la shavuni, la uji ulioniunguza utotoni, akasema Vero aimbe, Milembe aonekane. Milembe, mwanachuo mwenzangu, alikuwa mzuri hasa. Niliumia, mwanangu. Kila nilipomwona akichezesha midomo kwa wimbo wangu nilisema kimoyomoyo, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Salamu za kumzuia Mama hazikumwahi. Alikuja juu ya lori la pamba, kitenge kipya, kuku kwapani. Nilimwamkia, nikamkalisha mbele, kisha nikakimbilia nyuma ya mlango wa jikoni. Nilimwonea huruma. Safari yote ile, aje kuona uso wa mtoto wa mwenzie!

Wimbo wa kwanza ulipoanza, Milembe ametanda ukuta mzima, Mama alisimama.

"Huyo ni Vero wangu!"

Bwalo likaangua kicheko. Mzee mmoja akamwambia, "Keti, mayu, keti mama. Huyo ni binti wa watu."

"Sura sijui ni ya nani," Mama akamjibu, "ila sauti ni ya mwanangu. Imenililia mgongoni."

Hapo Milembe akainuka. Nilidhani atakana. Akaja mpaka jikoni, akanishika mkono, akanivuta mbele ya watu, mwanga wa projekta ukatupiga usoni, kovu na yote. "Mama kasema kweli," akawaambia. "Mimi nilifungua mdomo tu." Methali yangu ya mkakasi ikanisuta papo hapo.

Watu walipiga vigelegele, lakini Mama hakupiga. Alinitazama akasema, "Ng'wanone, mwanangu, anayejificha ni mwizi. Wewe umeiba nini?" Nililia, kisha nikaimba nyimbo zilizobaki nikiwa nimesimama pale pale. Mpaka leo nikisikia kaseti inakwaruza namkumbuka, Mungu amrehemu.

Basi shika haya, mwanangu, kabla hujaondoka. Usione vyaelea, vyaundwa. Ukipewa kazi ya nyuma ya mlango, ifanye kama uko mbele ya bwalo zima, maana chema chajiuza. Usimchukie mtu kwa nafasi ambayo hakujipa. Na siku ukipewa ya mbele, usingoje mama wa mtu asimame. Mfuate mwenzio jikoni, umshike mkono.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe rafiki wa kukutoa gizani, na popote utakapoimba asikosekane wa kuijua sauti yako.