Sanduku la Bibi Harusi Kwenye Meza ya Duwane

Sina haja ya kuficha, maana wapagazi wa bandari ya Rumonge wamekwisha kuisambaza habari hii hadi Muhuta, na wanavyoisimulia wao wameongeza hata kwamba nilipiga magoti, jambo ambalo ni uongo mtupu. Magoti sikupiga. Ila ni kweli kwamba mimi, mjane wa miaka hamsini na saba, mtunza stoo mstaafu wa shule, nilisimama juani mbele ya meza ya duwane, yaani forodha, nikadai kwa sauti kubwa kwamba gauni jekundu la kulalia, lenye mikanda myembamba kama tambi, ni langu na ninalivaa. Hilo lilitokea. Nitaeleza lilivyotokea, kisha mniambie kama kosa lote ni langu.

Nilikuwa narudi nyumbani baada ya miaka kumi na tisa Kigoma, ng'ambo ya mpaka. Mwanangu Yusufu alikuwa ametangulia, akafungua karakana ya useremala Rumonge, akapata na mchumba, Aziza, binti wa watu wa Gatete, watu wa heshima na maneno mengi. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili, kwa hiyo kati ya mizigo yangu lilikuwemo sanduku. Sanduku mnalijua: upande wa bwana harusi tunalijaza vitenge, viatu, manukato na nguo za ndani, na siku ikifika wanawake wa upande wa pili wanalifungua mbele ya wageni, wanakunjua kimoja kimoja, wananusa, wanageuza viatu kuangalia nyayo. Wakikuta kitu kilichokwisha kuvaliwa, sanduku linarudishwa, na bwana harusi huwa analifuata. La kwangu nililijaza kwa miaka miwili, kitenge leo, chupa ya manukato baada ya miezi mitatu.

Kanuni ya mtu anayerudi nchini niliielewa vizuri: vyombo vyako vya nyumbani ulivyokwisha kuvitumia vinapita bila kodi, mradi viwe kwenye orodha, na kitu kipya kinalipiwa. Nikaandika orodha kama nilivyozoea stoo, namba, kitu, idadi, hali. Namba ya kwanza hadi ya arobaini zilikuwa ukweli mtupu, kitanda, cherehani, masufuria, godoro lenye viraka. Namba arobaini na moja ilikuwa sanduku, na hapo kalamu ikasita. (Serikali isinitoze kwa godoro bovu, initoze kwa zawadi ya mkwe! Hadi leo sijaielewa akili hiyo.) Nikampigia simu wakala aliyekuwa ananishughulikia makaratasi Rumonge, ambaye hapa tunamwita deklara, bwana mmoja mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mama, usijisumbue," akasema. "Andika vyote vilivyotumika. Nani ataangalia nguo za mama muzima?"

Nikaandika neno hilo moja, vilivyotumika. Halafu nikachukua mkasi, nikakata lebo zote, nikazichoma. Mtu aliyefukuza wezi wa maharage miaka yote ile!

Chombo cha mizigo kilifika asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuuma. Yusufu akaenda kutafuta lori. Ofisa wa duwane alikuwa mwembamba, mwenye miwani na adabu, akaniambia, "Amahoro, mama, karibu nyumbani," akaanza kupitia vitu vyangu bila fujo, akagonga cherehani, akabonyeza godoro, akaweka alama. Nilikuwa nimeanza hata kumpenda. Ndipo nikasikia vigelegele nyuma yangu, nikageuka, nikamwona Mama Hadija, shangazi wa Aziza, anayeuza mawese sokoni, amekuja kunipokea na wenzake wanne na birika la chai na maandazi. Niliwaomba wasubiri getini. Lakini geti lile ni geti kwa jina tu, kwa hiyo wakasimama nyuma ya kamba, hatua tano kutoka kwangu, wakitabasamu.

"Namba arobaini na moja," ofisa akasoma. "Sanduku moja, nguo na viatu, vilivyotumika."

Alisoma kwa sauti! Nauliza mpaka leo: karatasi ya mtu inasomwaje kama mnada wa samaki? Lakini alisoma, akafungua, akavuta kitenge cha juu, nacho kikatoa ule mlio wa kitenge ambacho hakijawahi kuona maji.

"Mama, hii iko inanuka duka."

"Nazitunza sana nguo zangu."

"Umezivaa?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, samahani, mukubwa, nilikosea kuandika, tuhesabu kodi. Mimi nikasema, "Nimezivaa."

Vigelegele vilikuwa vimeshakatika. Nyuma ya kamba nikamsikia Mama Hadija akiuliza, "Anasema nini?" na mwenzake akamjibu, "Anasema amezivaa." Sikugeuka.

Ofisa akatoa viatu vya dhahabu vya kisigino kirefu, namba thelathini na saba. "Na hivi?"

"Vyangu."

"Basi vaa kimoja, mama, tuone."

Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniudhi, maana mtu akikufokea unaweza kumfokea. Nikavua ndala. Mguu wangu mimi ni namba arobaini na moja tangu nilipomzaa Yusufu. Vidole viliingia, vingine vikabaki nje vikitazama ziwa. Wapagazi wakatua magunia yao ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ili waone vizuri, na mmoja akaita, "Sukuma, mama! Kisigino kiko njiani, kinakuja!" Nikamtafuta deklara wangu kwa macho, mwenye ushauri. Akaangalia simu yake, ambayo haikulia, akasema, "Niko na mutu ananipigia kidogo," akaondoka, na mgongo wake ndio niliouona mara ya mwisho siku hiyo.

Basi nikiwa nimesimama mguu mmoja chini na mwingine nusu kiatuni, ofisa akainua lile gauni jekundu kwa vidole viwili. Upepo wa ziwa ukalijaza. Nikajiambia, nikilikana hili nimevikana vyote.

"Ni langu!" nikasema, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Ninalivaa! Mjane hana ruhusa ya kulala?"

Bandari nzima ikaanguka kicheko. Mama Hadija hakucheka. Alivuka kamba, birika bado mkononi, akasimama kati yangu na meza.

"Bamwana," akaniita, kama tunavyoitana wazazi wa pande mbili, ila safari hii neno lilitoka baridi. "Ile sanduku ni ya Aziza ama ni yako?"

Nikautoa mguu kiatuni.

"Nauliza mbele ya hawa watu. Kama ni yako, uvae, Mungu akubariki. Lakini mutoto wetu hatavaa jasho la mama mukwe. Yusufu atafute bibi kwingine, mwenye kupenda mitumba."

Nikamtazama ofisa, nikamtazama Mama Hadija. Kwa huyu nikisema vipya, mimi ni mwongo mbele ya serikali. Kwa yule nikisema vilitumika, mwanangu hana mke. Nikapiga kelele: "Ni vipya! Vyote ni vipya! Nimedanganya!"

Ofisa akavua miwani, akaifuta. "Sasa mama, nimuamini yupi? Yule wa kwanza ao huyu wa sasa?"

Alimwamini wa sasa, kwa sababu wa sasa ndiye anayelipa. Lakini kwa kuwa orodha yangu ilikuwa na uongo mmoja, vitu vyote arobaini vikafunguliwa upya, vikatandazwa chini, na Rumonge ikaona viraka vya godoro langu kimoja kimoja, na sufuria yangu isiyo na mkono, vitu ambavyo niliviandika kwa ukweli! Yusufu aliporudi na lori akadhani nimefungua duka. Nikalipa kodi, nikalipa na faini, pesa niliyoiweka ya bati za jiko langu ikaishia hapo.

Nikadhani yamekwisha. Nikamwambia Mama Hadija, "Umeona? Vipya." Akanijibu, "Nimeona mutu aliyesema ndiyo mara tatu na hapana mara moja." Kisha akaninyang'anya kitansi, ile stakabadhi ya duwane, akampelekea ofisa puani.

"Hapa mumeandika nini?"

"Neufs, mama. Vitu vipya."

"Na muhuri iko?"

"Iko."

Akaikunja, akaitia kwenye kanga yake, akamshukuru. "Murakoze. Hii itatangulia."

Na ilitangulia. Siku ya sanduku, kule Gatete, wanawake wamejaa ukumbini, hakuna aliyegusa kitenge mpaka Mama Hadija aliposimama akasoma kitansi: vitu vipya, vimelipiwa, muhuri huu hapa. Vigelegele! Kwa stakabadhi ya kodi! Ikapita mkono kwa mkono, bibi mmoja akaiinua kwenye mwanga kama noti, akasema katika umri wake wote hajaona sanduku lililothibitishwa na serikali. Vitenge vyangu vya miaka miwili vilikunjuliwa haraka haraka kama vya kawaida tu. Aziza aliolewa, namshukuru Mungu, lakini aliyesifiwa ni ofisa.

Na bado hayajaisha. Sasa nasikia familia nyingine ya Gatete imemwambia mchumba wa binti yao, muuza ndagala ambaye hajawahi kuvuka mpaka wowote, kwamba sanduku bila kitansi cha duwane halitafunguliwa. Juzi mchumba huyo alinisimamisha sokoni, akaniuliza mbele ya watu, "Mama, umetuletea nini hapa?" Nimeapa tu kwamba orodha nyingine ya forodha siandiki maishani, na nikilazimishwa, kila kitu nitakiandika kipya, nilipe, hata mimi mwenyewe.