Maji ya Mabata Yangu

Shangazi yangu aliapa mbele ya wageni kwamba mabata yangu yataliwa kwenye karamu ya Maulidi.

"Nyumba nzima yanuka," alisema, akiziba pua kwa ncha ya leso. "Na mwenyewe ndiye huyo, bubu. Heri bata, yeye ukimwita hujibu."

Wanawake wakacheka. Mimi niliinamia mkeka. Niliwapenda mabata wale kuliko watu wengi, na tangu saa ile nilimchukia shangazi kwa bidii, kama mtu anavyohifadhi sura ya Kurani.

Kidimbwi chao kilikuwa uwani, nyuma ya jiko. Maji yake yalikuwa ya kijani, mazito kama uji. Baba alinionea huruma, lakini shangazi ni dada yake mkubwa. "Yasipotakata kabla ya Maulidi, mwanangu, sina la kumwambia."

Nikafanya ambalo yeyote wa kisiwa chetu cha Amu angelifanya. Katika birika la chooni, lile la maji ya kuogea, kama nyumba zote, tulifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na maji yake hayakuvunda kamwe. Nikachota visamaki kwa kata, nikavimimina kidimbwini. Mabata wakavimaliza hata sijaweka kata chini.

Shangazi alikuwa dirishani. "Yalaa! Ndooni muone! Awapa kitoweo! Wanenepeshe, mwanangu, wanenepeshe!"

Nililia kwa hasira, kisha nikafikiri. Kisima chetu kina maji matamu kwa kuwa mvua hupita kwanza kwenye mchanga. Basi na uvundo upite huko. Nilitoboa tako la debe tupu la mafuta ya taa, nikatia vipande vya mawe ya matumbawe ya Manda vilivyosalia kwa waashi, juu yake makaa ya vifuu, juu kabisa mchanga. Debe likachururizia karai bovu nililopanda majani ya ndago, na karai likamwagikia kidimbwini. Asubuhi na baada ya alasiri nilichota maji machafu chini kabisa, nikayapandisha debeni. Mchanga ukiziba, niliukwangua ule weusi wa juu na kuutupa shinani mwa mndimu.

Mikono ilinichubuka. Kila kata niliyoinua, nilimtaja shangazi moyoni, na si kwa dua njema.

Mfungo Sita, mwezi wenyewe wa Maulidi, ulipoandama, niliona miguu ya mabata ikipiga kasia chini ya maji. Baba aliinama, akanusa, akanusa tena. "Dada, hapa hapana harufu," alisema. "Tutachinja mbuzi."

Shangazi akapanda zake darini. Ila siku chache baadaye alishuka uwani na kikapu. Asumini zake za darini, juu ya nyumba, zilikuwa zimekauka, na mndimu wetu ulikuwa umejaa maua.

"Mwanangu, nitilia tope hilo la mabata. Kidogo tu, asumini zipate nguvu kabla ya Maulidi."

Alisema kwa upole, mama akisikia. Nilimtazama usoni, kwa mara ya kwanza nadhani.

"La, shangazi."

Nikalikwangua tope la siku ile debeni, nikalimwaga lote mndimuni mbele yake. Mama alinifinya mpaka nikatoka alama.

Kwenye Maulidi ya wanawake shangazi alikuja na asumini za kuomba kwa jirani, chache, zimeanza kugeuka rangi. Tuliposimama kwa kiyamu nilijipanga nyuma yake makusudi. Nilimswalia Mtume kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwangu, nikizitazama asumini zile zikinyauka kwenye nywele zake, na furaha niliyokuwa nayo haikuwa safi hata kidogo.